Kibanda cha Bibi kule Chilinde

Yaya Akeza, dada yangu,

Mi mzima, tena mzuri kuliko ulivyoniacha, uliza wasichana wa hapa kambini Dzaleka. Juzi nimemleta wakili wa Lilongwe mpaka mlangoni, na suti yake, juu ya kabaza, baiskeli ya abiria! Nilitaka Bibi aweke kidole kwenye hati ya kunipa mi usimamizi, ili kodi ya kibanda chake cha Chilinde iendelee kumlipa Carelle anayemwogesha, mjomba asikinyakue.

Wakili akauliza, "Bibi, huyu kijana ni nani?"

"Bwana wangu," Bibi akacheka.

Wakili akafunga mkoba. "Akili ikishapotea siwezi kumsainisha. Mngeniita mwaka jana."

Mwaka jana alikuwa anatujua wote, Yaya. Alisema tukungoje wewe ndipo aweke kidole.

Leo mjomba amebadilisha kufuli ya kibanda, Carelle ameondoka. Bibi nimemwogesha mi mwenyewe, macho nimefumba.

Mdogo wako,
Gakiza