Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 4 Oktoba 1969

Makasha kumi na moja leo. Vali, bolti, vikombe vya messi, chumba chetu cha kulia. Kila kikombe kimeviringishwa gazeti la Kimarekani kama mtoto mchanga. Nimezikunjua kurasa zote, nimezinyoosha kwa kiganja, nimezificha chini ya daftari la stoo. Wenzangu wanadhani nasoma siasa. Natafuta warushaji.

Mrushaji ni yule anayesimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja wa besiboli akamrushia mpira mpigaji. Mchezo wenyewe sijapata kuuona. Hapa Maskati hapana aliyeuona ila Wamarekani wa kambi yetu ya mafuta, nao hawatimii kumi.

Sababu ya elimu yote hii ni Mista Hollis, mkubwa wa stoo na wa orodha ya abiria wa ndege ya kampuni. Kila Alkhamis baada ya chakula cha mchana hukaa messi, akataka atajiwe mrushaji yeyote wa zamani au wa sasa. Wewe unataja jina, yeye anakwambia mtu huyo alikuwa nani. Aliyetaja ndiye hakimu. Hollis akishindwa, una haja moja kwake, na haikataliwi. Fernandes, mpishi wetu Mgoa, alimshinda mwaka jana siku Hollis alipokuwa anaumwa jino. Akapata wiki tatu za kwenda kwao Goa. Tangu hapo anapika kwa kiburi.

Haja yangu mimi ni kiti kimoja katika ndege ya Jumatano kwenda Bahreni. Si changu. Cha Rahma.

Jumapili, 5 Oktoba

Kivimbe cha shingoni kwa mke wangu sasa kinaonekana hata akijifunika. Daktari wa Matrah kasema kinataka kisu, na kisu hicho kiko Bahreni. Meli kakataza. Pumzi ikimbana njiani hapana wa kumsaidia.

Ruhusa ya kusafiri ilikwenda Salala, kwa Sultani, ikarudi baada ya miezi saba. Mwisho wake Idi. Kaka yake, Khalfan, anamngoja kule. Kila kitu kipo isipokuwa kiti. Fomu niliyopeleka Septemba ilirudi na maneno mawili: watumishi tu. Sahihi ya Hollis chini, nzuri sana.

Alkhamis, 9 Oktoba

Nilimtaja yule wa vidole vitatu. Kimoja kilichukuliwa na mashine ya shambani utotoni, kingine kikapinda. Hollis alijibu sijafumba mdomo. Akaongeza kwamba ulemavu huo ndio uliokuwa ukiuzungusha mpira, wapigaji wakipiga hewa. Mtu alipungukiwa vidole akazidi wenzake.

Sikupata kitu. Fernandes aliniongezea wali bila kuombwa. Huruma ya mshindi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sauti ya Rahma imeanza kukwaruza. Zamani akiniita kutoka juu darini wanashuka na majirani. Leo kaniita mara tatu, nami nipo chumba cha pili, sikusikia.

"We bwana ulitaka mke mnyamavu," kaniambia. "Haya, umepata."

Nilicheka. Nikaenda kukaa chooni.

Alkhamis, 16 Oktoba

Leo mtemaji mate. Zamani warushaji wakiupaka mpira mate ili uteleze. Sheria ikakataza, lakini wazee wachache wakaachiwa waendelee mpaka wastaafu. Nilimtaja wa mwisho wao. Hollis alijua mpaka gome la mti alilokuwa akitafuna ili mate yawe mazito. Nikasema ndiyo.

Kisha akanipa mpira na kunitoa nje nirushe. Fernandes akashika ubao wa kasha kuwa mpigaji. Nikakimbia, nikanyoosha mkono, nikautupa kama tulivyokuwa tukitupa kriketi Unguja. Ukadunda chini mbele ya Fernandes, ukampiga goti. Nikamwambia samahani bwana.

Wamarekani walicheka hadi wakashika ukuta. Kumbe kwa mrushaji wao mpira ukidunda chini ni aibu. Miezi yote nimesoma habari zao, hilo halikuandikwa kokote. Kwao halina haja ya kuandikwa.

Hollis aliniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia kaka yangu. Alikuwa wa mkono wa kushoto na mimi wa kulia, kwa hiyo nilijifunza kila kitu kinyume. Na samahani, je? Hiyo pia yake. Kila aliyemtoa uwanjani alimwomba radhi.

Hakuuliza yuko wapi. Vizuri. Seif hayuko popote. Siku zile za Januari, za mapinduzi, alitoka kwenda kumtazama shangazi yetu, Ng'ambo, hatukumwona tena, wala hatukuoneshwa pa kumsomea fatiha.

Alkhamis, 23 Oktoba

Hollis kaenda bara, kwenye visima. Hapana mchezo. Wiki nzima imepotea hivi hivi.

Rahma analala kwa kukaa sasa, mito mitatu mgongoni.

Alkhamis, 30 Oktoba

Nilikuwa na nusu ya habari. Mrushaji aliyerudi uwanjani akiwa karibu miaka sitini, na baina ya zamu akikaa kiti cha bembea kama bibi harusi mstaafu. Nusu ya pili ya ukurasa ilibaki kwenye kikombe cha mtu mwingine. Hollis akanimalizia yote, kwa furaha, akionesha na kwa mikono.

Nimejifunza mengi leo. Sikwenda kujifunza.

Jumatatu, 3 Novemba

Makasha mapya yamejazwa vumbi la mbao. Elimu imekatika.

Karatasi ya mwisho niliyo nayo inasema mwaka huu wamekipunguza urefu kichuguu cha mrushaji. Mwaka jana warushaji walikuwa hodari mno, wapigaji wakalalamika. Kwa hiyo mtu akizidi, unapunguzwa udongo chini ya miguu yake. Hilo nalijua bila ya gazeti.

Zimebaki Alkhamis chache kabla ya Ramadhani. Tuseme moja. Mwezi mtukufu Hollis husimamisha mchezo. Anasema haoni raha kula mbele ya watu wanaomtazama mdomo.

Jina la kweli halimshindi. Basi ntampa la uongo. Nimewaza siku nzima, na kila mrushaji niliyembuni alikuwa Seif. Nimemgeuza Seif bin Salim kuwa Stivu Selem. Ubatizo wa dharura.

Nilimwambia Rahma.

"Seif alikuwa hakatai kumsaidia mtu," alisema. Alivuta pumzi mara mbili kuimaliza sentensi hiyo.

Alkhamis, 6 Novemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Nikasimama. Messi imejaa, kwa kuwa wote wanajua ndio mchezo wa mwisho. Nikataja: Stivu Selem. Hollis alikuwa na kijiko mkononi. Akakiweka. Sijapata kumwona akinyamaza hata nusu dakika, leo ilipita dakika nzima. Moyoni nilikwishampandisha Rahma ndege. Nilikwishamfunga na mkanda.

Kisha Hollis akanitazama mimi, si dari kama kawaida yake, akasema polepole: "Mkono wa kushoto. Mtu wa mji wa bandari. Nilimwona mara moja nilipokuwa mdogo, nimekaa na baba yangu. Alikuwa akirusha kama anayemwonea huruma mpigaji. Akimtoa, anamwomba radhi."

Akaniuliza: "Ndiye?"

Hakimu ni mimi. Neno moja tu lilitakiwa, hapana. Hapana, Mista Hollis, umekosea, mtu huyo hakuwa hivyo. Kiti kingekuwa changu.

Miaka mitano na miezi kumi hapana mtu aliyeniambia kwamba alimwona Seif. Wote tuliowauliza walisema hawakumwona. Polisi hawakumwona, jirani hakumwona, mwenye duka pembeni ya njia, aliyekuwa akimuuzia sigara kila siku, hakumwona. Leo mbele ya watu thelathini mtu kasema nilimwona. Nami nikatakiwa niseme huo ni uongo.

Nikasema ndiye.

Wakapiga makofi.

Ijumaa, 7 Novemba

Rahma nimemwambia Hollis alijua tu. Hakuuliza alijuaje mtu ambaye hayupo. Alirudi kuchambua mchele. Namwogopa zaidi anaponyamaza kwa hiari yake.

Jumatano, 12 Novemba

Mwezi ulionekana juzi. Ndege imeondoka saa tatu. Ilikuwa na viti viwili vitupu. Najua kwa kuwa mimi ndiye niliyepakia makasha ya barua juu yake.

Jumatano, 19 Novemba

Ndege nyingine.

Leo nimemwambia Rahma ukweli, baada ya kufuturu. Yeye daktari kamkataza kufunga, lakini hukaa na mimi kwenye mkeka. Nikamweleza neno moja nililopaswa kusema na neno nililosema. Nilitegemea anitukane. Ningependa anitukane. Angekuwa na sauti ya kutukania.

Akanong'ona: "Alisema kamwona?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kavaa nini?"

Akatoa maji kwenye birika, akanimiminia mikononi, nikanawa. Kisha akasema, neno baada ya neno, kwamba Seif kafa, naye hajafa bado, na kwamba ningeweza kuliangalia hilo.

Jumatatu, 24 Novemba

Nilikwenda ofisini kwa Hollis asubuhi. Sikukaa. Nikamwambia hapana mrushaji aitwaye Stivu Selem.

"Najua," alisema. "Nawajua wote. Huyo hayumo."

Nikamuuliza basi kwa nini alisema kamwona.

Akasema kwa sababu nilipolitaja jina uso wangu ulikuwa kama wa mtu aliyesimama mlangoni anauliza kama ndugu yake kapita. Akakumbuka mkono wa kushoto, akakumbuka samahani niliyomwambia Fernandes. Akadhani nnataka hilo tu, aseme kwamba kapita. Akadhani ananifanyia wema.

Mimi karani mwerevu, msomaji wa magazeti ya kufungia vikombe. Nilimpa majibu yote kwa mkono wangu wiki tatu kabla. Sikuona.

"Ulikuwa unataka nini kwangu?" akaniuliza.

Nikamwambia. Kiti, mke, koo, Idi. Rangi ikamtoka. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikamwambia nilimwambia, kwa fomu, tarehe mbili Septemba. Akafungua mtoto wa meza, akaikuta nakala. Akaisoma. Ilikuwa mara ya kwanza, niliona macho yake yakienda mstari kwa mstari. Alikwishaitia sahihi bila kuisoma, pamoja na nyingine za siku hiyo.

Akachukua kalamu akaandika jina la Rahma kwenye orodha ya Jumatano. Haikuchukua muda wa kurusha mpira mmoja.

Hapana aliyemwomba mwenzake radhi. Tulikuwa tumechelewa wote wawili.

Jumatano, 26 Novemba

Uwanja wa ndege wa Beit al Falaj, saa mbili na nusu. Vumbi. Rahma na furushi moja la nguo na barua ya ruhusa imeshonewa ndani ya kanga. Nilimsaidia kupanda ngazi. Alinena kitu mlangoni, injini zilikuwa zinanguruma, sikusikia. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui nimekubali nini.

Ijumaa, 12 Desemba

Idi imepita. Barua ya Khalfan imefika. Rahma yu hai. Kivimbe kimetolewa. Lakini kilikwishajizungusha kwenye mishipa ya sauti, wakalazimika kukata. Hatosema tena. Daktari wa huko kamwambia Khalfan kwamba angefika wiki mbili mapema pengine wangeiokoa sauti. Khalfan kaliandika hilo katikati ya barua, baina ya bei ya mchele na salamu za watoto. Hakukusudia ubaya.

Nimezihesabu. Kutoka ndege ya tarehe kumi na mbili hadi ya ishirini na sita. Siku kumi na nne. Wiki mbili kamili. Haikupungua hata siku moja ya kunisaidia.

Nimezitoa karatasi zote chini ya daftari. Nimezifungia vikombe vya ofisi vinavyopelekwa bara.

Alkhamis, 29 Januari 1970

Rahma ana wiki moja tangu arudi. Kovu jekundu, kama uzi wa kushonea. Tumepatana. Akigonga sinia mara moja, njoo. Mara mbili, chai inapoa. Mara tatu sijaisikia bado, nadhani ndiyo matusi.

Messi leo alikuwepo Mmarekani mgeni, kijana wa mitambo, mjuaji. Aliwajua warushaji wote aliotajiwa. Mwisho Hollis mwenyewe akamtajia: Stivu Selem. Kijana akafikiri, akakuna kidevu, akasema hapana, huyo hamjui.

Hollis akanigeukia. "Mweleze."

Sikutaka. Kisha nikamweleza. Mkono wa kushoto. Mji wa bandari. Sweta jeupe kafunga kiunoni, mikono ya sweta imepigwa fundo. Mpira anaufuta kwenye paja mara mbili, si tatu. Hakuwahi kupiga kelele uwanjani. Aliyemtoa alimwomba radhi. Kijana akaandika jina kwenye kijitabu chake. Fernandes alikuwa kasimama na sufuria, hakuitua mpaka nilipomaliza.

Nimerudi nyumbani alasiri, nikamhadithia Rahma. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyua mkono wake wa kushoto, akakunja kifundo kidogo kwa ndani, akaachia vidole. Hivyo hasa. Mimi hilo la kifundo nilikuwa nimelisahau.

Akashusha mkono. Akagonga sinia mara mbili.