Je, Anastahili Sifa Aliyeipinga Vita ya Kivuko?

Kasongo, tarehe 15 Machi 1960

Kwa Mama Cécilia, mshauri wa gazeti letu,

Nimesoma majibu yako tangu nilipokuwa darasani kwa mapadri, wala sikufikiri hata siku moja kwamba nami nitashika kalamu kukuandikia. Lakini leo nimefikia mahali ambapo masomo yangu yote hayanipi jibu, nami nakusihi unipe lako kabla ya Jumapili ya tarehe 27, kwa kuwa siku hiyo nitasimamishwa mbele ya watu na sijui nitasema nini.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa hapa, mwenye diplome ya sekondari niliyoipata kwa sifa, na tangu chama chetu kilipofungua ofisi mwaka jana nimekuwa sekretere wa komite, kazi ambayo kwa unyenyekevu nasema naifanya kwa usahihi uliosifiwa hata na Wazungu wa posta. Ni mimi ninayeandika procès-verbal ya kila mkutano, yaani maelezo ya nani amesema nini na shauri gani limekatwa, Kifaransa upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia.

Swali langu ni la siasa, nami naliweka hivi: mtu wa siasa anayesimama hadharani na kuishutumu vita ya chama chake mwenyewe, je, anastahili sifa, ama ni msaliti anayejitafutia jina?

Mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati wakubwa wetu walipokuwa Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru, vijana wa chama kingine, wa ng'ambo, walikata nyavu za watu wetu kwenye mto Luama na kumjeruhi mmoja kwa panga, na komite yetu ikakata shauri kwamba tumeingia vitani: kivuko cha upande wa Wamaza kifungwe, vijana wetu wailinde mitumbwi kwa mikuki, na mtu yeyote wa ng'ambo asiye na karte ya chama chetu asivuke, awe anakwenda sokoni, awe anakwenda msibani. Tuliita jambo hilo kujilinda. Kivuko kikafungwa, na hadi leo kimefungwa; juma la tano ikafika siku mama mmoja wa ng'ambo, jina lake Safi, mwenye mimba iliyotimia, alipoletwa na mumewe ili avushwe kwenda maternite, hospitali ya uzazi, vijana wakamwomba karte, hakuwa nayo, wakamrudisha, akajifungulia mchangani, na mtoto hakulia.

Siku ya soko iliyofuata, pale Wamaza, Mzee Bulaimu, mkulima wa mpunga, Mwislamu anayeheshimiwa na mmoja wa wajumbe saba wa komite yetu, alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa akasema: "Hapa musitafute Muzungu, musitafute mutu wa ng'ambo. Ni siye. Chama yangu imefunga mto, na mutoto amekufa. Karte yake iko hapa mu mufuko, tazameni, siitupi. Lakini hii vita yetu ni mubaya, na mwenye kutaka ninyamaze, aende kwanza kumwambia Safi anyamaze kulia."

Tangu siku ile hatuna amani. Watu wa ng'ambo wamemtungia nyimbo, jambo linalotuudhi sana, akina mama wa sokoni wanamwekea ndizi bure, vijana wetu wanamwita Mzee Mitumbwi-Miwili, na akipita wanamwuliza, "Baba, leo unapanda gani?" Naye prezida wetu, Bwana Emile, ameitisha mkutano wa Jumapili hapa Kasongo ili mzee afukuzwe, na hoja yake ni moja tu lakini ni kali: siku shauri la vita lilipokatwa Mzee Bulaimu alikuwepo, na procès-verbal inasema kwamba wajumbe wote saba walikubali.

"Utasoma ule ukurasa mbele ya watu," Bwana Emile aliniambia. "Polepole, na Kifaransa kwanza. Halafu tutaona kama huyu muzee iko na uso."

Akaongeza kwamba nafasi ya Mzee Bulaimu kwenye mkutano mkuu wa chama, kule Bukavu, itakuwa yangu, nami sikufichi, Mama, nilikwisha kuanza kufikiria koti la kuvaa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichane barua hii mara tatu. Ukurasa ule hausemi kweli. Mzee Bulaimu hakukubali, alisema, nakumbuka neno kwa neno, "Mukifunga mto, mutafunga na watu wenu. Mimi siko ndani." Bwana Emile alicheka akasema, "Ni mumoja tu. Andika wote." Nami sikubisha hata kidogo, kwa kuwa kielelezo tulichopewa shuleni kilimalizika kwa maneno à l'unanimité, maana yake kwa kauli moja, na niliyaona maneno hayo yanaipa komite sura ya watu waliostaarabika, nikayaandika kwa mwandiko wangu ulio bora, nikayapigia mstari, na Mzee Bulaimu, ambaye husoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu lakini zetu hazijui, akatia kidole gumba mahali nilipomwonyesha.

Nilipomweleza dada yangu Victorine, ninayekaa kwake, aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo, akanikazia macho. "Kumbe! Diplome yote ile," akasema, "ni kwa kuandikia mutu maneno hakusema?" Tangu hapo ananiwekea chakula bila kunisemesha.

Kwa hiyo nakuomba uamue. Ikiwa Mzee Bulaimu anastahili sifa, nitatafuta njia ya busara ya kumtetea, pengine baada ya Bukavu. Lakini ikiwa ni msaliti, basi ukurasa unaweza kubaki ulivyo, kwa kuwa hata kama maneno yake si kamili, matokeo yake yatakuwa ya haki.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu sana,
Sekretere, Kasongo


MAMA CÉCILIA ANAJIBU

Mwanangu Sekretere,

Una mwandiko mzuri. Mwandiko huo huo umeipa diplome yako mistari mitatu, na mtoto wa Safi ukampa maneno mawili: mtoto hakulia. Nimeanza na hilo ili ujue nimekusoma vizuri.

Unauliza juu ya sifa. Nitakujibu, ijapokuwa si hilo linalokusumbua. Kushutumu chama cha jirani ni kazi ya kila mlevi. Lakini mtu anayewaambia wenzake "tumekosa" akiwa bado na karte yao mfukoni, akijua kwamba kesho watoto wa rafiki zake watamzomea njiani, huyo anastahili heshima, nami ninampa. Simpi yote. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba jambo ni baya, na majuma matano hakusema neno nje ya chumba chenu; angekuwa mbele yangu ningemwuliza, "Mzee, ulikuwa unangoja nini?" Na hao wa ng'ambo wanaomwimba, bado sijasikia hata mmoja wao akiwashutumu vijana wao waliokata nyavu na kushika panga. Siku watakapofanya hivyo, nitaziamini nyimbo zao. Aliyejeruhiwa alistahili kulindwa, sikatai. Safi hakuwa na panga.

Hilo ni jibu la swali uliloandika. Sasa lile ulilolificha.

Unasema akiwa msaliti ukurasa ubaki. Haubaki! Awe mtakatifu, awe mnafiki, siku ile alisema hapana. Watu wa Kasongo wana haki ya kumsifu au kumfukuza, lakini watamwamuaje ikiwa kitabu chako kinawadanganya? Na tazama ulivyofanya: mtu anayejua kuandika jina lake kwa herufi zake, ulimsogezea wino wa kidole kama asiyewahi kushika kalamu, ukakiweka kidole chake chini ya uongo. Bwana Emile alitoa amri, ndiyo. Mstari wa chini uliupiga mwenyewe.

Usidhani nakuchukia. Nakuona ulivyokuwa: kijana pekee mwenye kalamu kati ya wakubwa, prezida anacheka, wote wanakutazama wewe. Wengi wetu tungeandika vile vile, na wengi wasingechana barua hata mara moja. Umechana mara tatu. Bado uko mtu wa kusemwa naye.

Basi fanya hivi. Usiondoe ukurasa wa kwanza, usifute hata nukta. Andika wa pili: tarehe, jina lako, maneno ya Mzee Bulaimu kama alivyoyasema, na jinsi ulivyoyaacha. Panda lori ya Kabambare, shuka Wamaza, umwombe msamaha nyumbani kwake, bila koti. Mtafuteni mwalimu wa chuo cha Kurani amsomee ukurasa huo, na mzee atie sahihi yake kwa Kiarabu, kwa mkono wake. Ukirudi, mwambie Bwana Emile mchana, uso kwa uso, kwamba Jumapili utasoma kurasa zote mbili, Kiswahili kwanza. Atakasirika. Bukavu itaondoka, iache iende, hapo ulipo una kazi ya kutosha. Ukimaliza kusoma, kabla hujakaa, uliza kivuko kinafunguliwa lini, na usikae mpaka ujibiwe.

Tena usimtetee mzee kwa hotuba. Watu wakishajua ukweli, watampa wenyewe kile wanachoona anastahili.

Majina nimeyabadilisha yote, lakini huko kwenu hakuna asiyejua ni kivuko gani kilichofungwa. Gazeti litafika Kasongo Jumamosi na lori ya posta. Jibu hili nakuletea leo Jumatatu kwa mkono wa dereva, ili Mzee Bulaimu alisikie jambo hili kwako kabla hajasomewa na mtu mwingine.

Mama Cécilia