Sahihi ya Shehe Mkubwa

Baba, shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini kukuandikia bila kukuamkia ni utovu wa adabu, na wewe hukunilea hivyo.

Hapa Sindeni mvua imenyesha, mahindi yamesimama, mama anakula kidogo. Ninachotaka kukwambia ni habari ya ile karatasi.

Siku Shehe Mkubwa wa Pangani alipopita kwetu, watu walikuja hata kutoka Handeni ili wamwone tu. Aliyebahatika kupata sahihi yake aliishona kwenye kitambaa akaivaa kifuani. Wewe hukuomba. Yeye mwenyewe aliwasikiliza wanafunzi wako wakisoma, akasema atakuandikia idhini ya kufundisha. Kalamu zake alikuwa amezisahau Korogwe, aliposhuka kwenye gari moshi, basi akachukua yako ya mwanzi. Mimi ndiye niliyemshikia kidau cha wino. Wewe ulikuwa ukitabasamu mpaka nikakuonea haya.

Halafu Maalim Zuberi wa Handeni akaja kulinganisha sahihi ya karatasi yako na ile aliyokuwa nayo yeye. Jina lilikuwa lile lile, ila mistari iliyokuwa minene kwake, kwako ilikuwa myembamba. Akatangaza msikitini kwamba imeandikwa kwa mkono wa kushoto, yaani umeighushi wewe. Nani asiyejua kwamba Wadachi walikupeleka kujenga reli, chuma kikakusaga mkono wa kulia, ukajifunza kuandika upya kwa kushoto? Ukawaeleza habari ya kalamu. Wakacheka. Kila mwalimu huchonga kalamu yake na hamwazimi mtu, sembuse Shehe Mkubwa aandike kwa kalamu ya mwalimu wa Sindeni.

Watoto wakaondolewa chuoni hadi nikabaki peke yangu kwenye mkeka. Na wewe ukaendelea kunisomesha kwa ile sauti yako kubwa, kana kwamba chuo kimejaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, baba. Kuliko hata ile homa iliyokuchukua. Maalim Zuberi hakuja mazikoni.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alifika Handeni Ustadhi Bakari, aliyekuwa mwanafunzi wa Shehe Mkubwa kwa miaka mingi. Maalim akaniita nilete karatasi, nadhani alitaka nione haya mbele ya mgeni. Ustadhi akaitazama muda mrefu, akasikia habari ya kalamu, kisha akaniuliza kama kalamu yako ingalipo. Ninayo siku zote, nimeifunga kwenye pindo la ukaya ninaojifunika kichwani. Akaichovya, akaandika jina lake mwenyewe kwa mkono wake wa kulia. Unene na wembamba vikabadilishana mahali, kama kwenye karatasi yako. Ulikuwa umeikata ncha kuelekea upande wa pili, kuufuata mkono wako wa kushoto, na kalamu ile haijali nani ameishika.

Akasema, "Aliyeandika ni Shehe wangu. Kalamu ndiyo ya Mwalimu."

Baadaye Maalim Zuberi akaniomba karatasi iwekwe msikitini, watu waione. Nikamwambia, "Mimi sikuitwa mghushi, Maalim. Aliyeitwa amelala Sindeni. Nenda ukamwambie yeye."

Akaja kweli, baba, kwa miguu, na vumbi hadi magotini. Akachuchumaa kaburini kwako. Mimi nilisimama kwenye mihogo, sikusikia alichosema. Nilimwona tu akisema, akinyamaza, akisema tena, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Nililia hadi nikakaa chini, kwa sababu nakujua. Ungekuwa hai ungemkatiza kabla hajamaliza, ukamwita ndani ale. Mimi hata maji sikumpa.

Kaa salama huko uliko, baba. Karatasi sijaitoa. Nakuahidi nitamsamehe, maana najua ndivyo utakavyo. Ila usinihimize. Kila nikijaribu naisikia ile sauti yako, ikinisomesha peke yangu.

Mwanao,
Mwanahamisi