Theluji ya Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 30 Machi
Kabla ya kazi nimefungua tena ramani ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa simu. Kila asubuhi hivyo, tangu dada yangu Mwende aende kupikia watu wa kuteleza kwa theluji, milimani huko magharibi. Kambi haina barabara. Kushuka ni miguu tu, chini ya mteremko mkubwa. Hapa Toronto theluji imebaki kidogo, chafu, nyuma ya duka la nyama. Huko bado inazika watu.
Mwende ndiye alinilea. Nyumba imenyamaza sana.

Jumanne, 31 Machi
Amepiga na simu ya kambi. Anasema theluji ni kama chapati zake, tabaka juu ya tabaka, na moja ya katikati iko legelege. Jua likipiga, maji yanaingia, yanakuwa kama mafuta. Za juu zote zinateleza. Ikiganda usiku, zinashika.
Kila kitu kwake ni chapati.
Kuna watu wanashuka Alhamisi mchana. Kiongozi amesema kila mtu aamue. Aje tule Pasaka, ama angoje baridi? "Bwana hali ya hewa, angalia ramani uniambie."
Rangi ya chungwa. Si nyekundu. Imeandikwa "considerable". Hilo nalijua. Kila mahali nimeomba kazi walisema watanikonsida, yaani watanifikiria, na hakuna kitu kilitokea.
Nikamwambia aje.

Jumatano, 1 Aprili
Auntie Philo wa nyumba ya chini, Mgoa wa Nairobi, amerudisha sufuria. Nikamwonyesha ramani, najivunia. Akavaa miwani.
"Wewe kijana, nani amedanganya wewe? Hii considerable ni hatari kubwa. Inaweza kuzika wewe na bibi hata hujaoa."
Nilitaka sana aje. Ndio maana sikuuliza mtu.
Nikapiga kambi. Mwende alikuwa jikoni, simu ikashikwa na mzungu. Naogopa simu ya Kizungu. Auntie alikaa tu karibu, hakunisaidia hata neno. Nikasema na Kiingereza changu kile: Mwende asije. Nikarudia. Nikarudia.

Alhamisi, 2 Aprili
Ramani nyekundu. Kazini nimekunja mashuka vibaya, nikarudishiwa yote.
Jioni amepiga. Alibaki. Wale wengine waligeuka njiani. Mlima ulimwaga theluji mbele yao. Hakuna aliyeumia.
"Leo njoo, kesho usije. Nikufute kazi, bwana hali ya hewa?"
Halafu akavuta kamasi. Nilijua analia. Mimi pia.

Jumapili, 5 Aprili
Pasaka. Nimepika chapati mwenyewe. Auntie amekula mbili. Anasema hizi haziwezi kuteleza, zimeshikana kama saruji.

Jumatano, 8 Aprili
Baridi imerudi. Wameshuka alfajiri, theluji ngumu. Mwende yuko uwanja wa ndege.

Alhamisi, 9 Aprili
Mwende amelala kwa kochi. Viatu vyake viko mlangoni, juu ya gazeti, vinatoa maji.
Nimefungua ramani hata hivyo. Sina mtu huko. Nikaifunga, nikamfunika miguu.