Uchafu wa Pembeni mwa Kitabu cha Nyota

Mjukuu wangu, mchumba wangu,

Babu yako mzima, kikohozi tu kinanitania. Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani. Ukiona uongo humu, ni wake.

Kile kitabu cha nyota ulichoniletea nikishone upya kimependeza! Miaka hamsini nashona vitabu. Hata jua likichanika, wataniletea mimi. Ulisema aliyekimiliki zamani alibishana nacho humohumo, akidai dunia ndiyo inayolizunguka jua. Nikamtafuta humo kurasani, hata picha yake sikuiona. Kusoma, si unajua, sijui.

Kurasa zilikuwa chafu pembeni, zimechorwachorwa wino. Nikazikata zote zikanyooka, vipande nikawashia moto wa kuchemshia gundi. Jana huyu fundi cherehani kaokota kimoja chini ya meza, akasoma: “Nimetazama mwenyewe. Kitabu kinakosea.”

Akaniuliza, “Mzee, hiki umekikata wapi?”

Nikakaa chini.

Maneno yake yote uliyokuwa ukiyasoma yalikuwa kule pembeni, sasa nimeelewa. Hicho kimoja nimekibandika mahali pake, nimepapasa ukurasa kwa ukurasa mpaka kikakubali. Njoo ukione. Ukinisalimia bila kuniita mchumba, sitauliza kwa nini.

Ni mimi babu yako, fundi niliyejisifu mno.