Nilibandika Plasta Bila Kuchomwa Sindano

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa aibu na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi cherehani, mjane, naishi peke yangu, na mwanangu wa pekee amepata mtoto, mjukuu wangu wa kwanza, mwenye wiki tatu, akaniambia kwa upole kwamba daktari anataka kila atakayembeba mtoto achanjwe kwanza chanjo ya homa ya mafua, nami nikaona haya, maana mwaka jana ni mimi niliyetangaza kibandani kwamba jirani yangu alichanjwa na siku ya pili yake akashikwa na mafua, mafundi wenzangu watatu wakanisikiliza wakaacha kwenda kuchanjwa, sasa ningesimamaje kwenye foleni ya zahanati iliyo mkabala na kibanda chetu, wote wananitazama? Basi nikanunua plasta, nikaibandika begani, nikampigia mwanangu simu ya video nikamwonyesha. Akasema, "Asante, mama. Njoo Jumamosi, ukae nasi mwezi mzima." Nyumbani nawasha redio nipate tu kusikia mtu akiongea, namtamani mtoto yule kupita kiasi, lakini naogopa kumbeba. Nifanyeje?

Bibi wa Cherehani

Bibi, pole kwa upweke, na sasa nivumilie nikugombeze. Umemdanganya mwanao juu ya mtoto asiyeweza hata kujifuta pua. Sindano ile haimpi mtu homa ya mafua. Huchukua kama wiki mbili kuanza kukinga, kwa hiyo huenda jirani alikuwa ameshaambukizwa, au yalikuwa mafua ya kawaida tu, ambayo chanjo hiyo haiyahusu. Nawe moyoni unajua, la sivyo usingeogopa kumbeba.

Mpigie mwanao leo. Usizunguke, sema, "Sikuchanjwa. Niliona haya." Atakasirika, na ana haki. Kesho asubuhi waambie wale mafundi watatu kwamba uliwapotosha, kisha vukeni barabara pamoja. Wakikucheka, wakucheke mkiwa foleni. Jumamosi hii usiende, wala ijayo. Subiri wiki mbili zitimie, na ukiwa na kikohozi ongeza siku.

Ukishakiri, usikate simu. Mweleze mwanao ulilonieleza mimi nisiyekujua, kwamba nyumba imekushinda kwa ukimya. Hilo nalo umemficha, na umemficha miaka.