Rufaa ya Fundi wa Paa

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, kwingine tusiulizane. Wifi yako hajambo. Shemeji na watoto wanaendeleaje?

Jibu la pensheni ya ulemavu limetoka jana. Wamenikatalia. Daktari wao ameandika kwamba natembea bila msaada, na naweza kufanya kazi nyepesi ya kukaa. Miaka ishirini na mbili nimeezeka paa za watu. Tangu nianguke, hata kukaa dakika kumi sifikishi. Nina siku thelathini za kukata rufaa, lakini nimechoka na hizi foleni. Nafikiri niache tu.

Kaka yako

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila kitindamimba ana mafua.

Usiache. Kazi yangu ni kuchapa barua za wakili kutwa nzima, na rufaa za namna hii nimeona zikikubaliwa. Ila niambie ukweli: daktari alikuonaje ukitembea bila msaada, na wewe una magongo mawili? Halafu niandikie kila usichoweza kufanya, tangu unapoamka. Nitaipanga orodha hiyo na kuichapa vizuri.

Dada yako

20 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mtoto amepona. Mimi ni vilevile.

Magongo niliyaacha kwa mlinzi getini. Kwenye benchi alikaa mwashi niliyefanya naye kazi zamani, nikaona aibu anione hivyo. Nikaingia kwa daktari kwa miguu yangu, nimenyoa ndevu. Akauliza, "Unaendeleaje?" Nikamjibu, "Vizuri tu, daktari." Sasa naye angeandika nini? Niliporudi nyumbani nililala siku nne.

Hiyo orodha yako siiwezi. Nina miaka hamsini na moja. Mambo hayo simwandikii dada yangu.

Kaka yako

24 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mtoto amepona.

Zimebaki siku chache sana. Nilipovunjika mkono nikiwa darasa la pili, ulinilisha kwa kijiko mwezi mzima, na hakuna aliyeniambia nione aibu. Andika.

Dada yako

26 Februari

Mdogo wangu,

Haya.

Siwezi kuvaa soksi, ananivalisha wifi yako. Siwezi kujigeuza kitandani, ananigeuza yeye, na mgongo wake nao umeanza kulalamika. Chooni tumefunga kamba ya kujivutia. Kinyozi ananinyoa kwa awamu mbili, katikati nasimama. Nikitaka kupiga chafya, kwanza natafuta ukuta.

Mwezi uliopita paa letu lilivuja juu ya kitanda. Nikamwita fundi, mimi. Nikamwelekeza kutoka chini, mpaka akaniomba kwa heshima ninyamaze.

Yatosha hayo? Nampa dereva wa basi barua hii, ikufikie kesho.

Kaka yako

19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Samahani kwa ukimya huu. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata.

Kamati ya rufaa walituita wiki tatu zilizopita. Walikuwa watatu. Mama aliyekaa katikati aliisoma kwa sauti rufaa yote uliyoichapa, soksi, kamba, chafya. Wifi yako alikuwa pembeni yangu, anaangalia sakafu. Mama yule akauliza, "Haya ni kweli, mzee?" Ulimi ulikuwa unataka kusema sijambo. Nikasema ni kweli.

Jumatatu jibu limekuja. Wamekubali, pensheni inaanza mwezi ujao. Wifi yako alikaa chini akalia, kisha akampigia mama yake simu, wakacheka kama wasichana. Nilifurahi kumsikia. Ameteseka sana.

Mimi niliishia mstari wa pili wa barua yao: "Hataweza kurudi kazini." Miaka miwili nalijua hilo. Ila lilikuwa halijawahi kupigwa muhuri.

Asante kwa kuniandikia rufaa. Bila wewe ningeacha. Ila nakuomba usinipongeze, angalau wiki hii.

Kaka yako